Usingizi wa Drani

Filda na mumewe Drani walirudi Koboko kutoka ukimbizini Sudan mwaka 1987. Walijenga nyumba ya nyasi karibu na kijito, wakalima mihogo na simsim. Drani alikwenda shambani kabla jua halijachomoza. Watu walisema, "Bwana huyu hajui kuchoka."

Mwaka wa pili mambo yaligeuka. Kichwa kilimuuma Drani mara kwa mara. Homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Kisha ukaja usingizi. Alisinzia akipalilia, jembe mkononi. Alisinzia akila, tonge halijafika kinywani. Lakini usiku hakupata usingizi. Zamani alikuwa mpole. Sasa aligombana na kila mtu kwa jambo dogo.

Jumapili moja, katekista Kasimiro alifundisha kanisani. Alisimulia jinsi Bwana Yesu alivyowaomba wanafunzi wakeshe naye bustanini, nao wakalala. Mara watu wakasikia mkoromo. Alikuwa Drani.

"Drani!" Kasimiro aliita kwa ukali. "Na wewe unalala? Hii iko pombe ya jana!"

Watu wakacheka. Filda aliinamisha uso kwa aibu. Alijua mumewe hajaonja pombe tangu Pasaka. Hata hivyo, walipofika nyumbani alimfokea.

"Unanitia haya. Mwombe Mungu akuondolee uvivu huu."

"Naomba, mama Ayiko," Drani alijibu polepole. "Naomba, halafu usingizi unanichukua kabla sijasema amina."

Siku chache baadaye, Filda alikwenda kuteka maji. Alimwacha Drani jikoni na mtoto wao Ayiko, aliyekuwa akitambaa. Aliporudi, alimkuta jirani yao Mariam Poni amembeba mtoto kifuani. Mtoto alikuwa analia. Drani alikuwa amelala kando ya moto.

"Nilikuja kuomba chumvi," alisema Mariam. "Mtoto alikuwa ameshafika kwa moto. Mkono kidogo tu uungue."

Filda alitua mtungi, akafungua kinywa kumtukana mumewe. Mariam alimshika mkono.

"Hapana, mama Ayiko. Usimgombeze. Ngoja kwanza."

Alichuchumaa, akapapasa shingo ya Drani upande wa nyuma. "Njoo, gusa hapa."

Filda aligusa. Chini ya ngozi palikuwa na vivimbe kama maharagwe.

"Hii si pombe, si uvivu," alisema Mariam. "Naogopa iko malale, ule ugonjwa wa usingizi. Dada yangu Hawah alianza hivihivi tukiwa Sudan. Sisi tulisema amerogwa. Tulizunguka kwa waganga mpaka akalala, hakuamka tena."

Filda alimchukua Ayiko, akamkumbatia. "Inatoka wapi?"

"Kwa mbung'o, yule nzi wa kijitoni anayeuma mchana. Anauma mgonjwa, kisha anakuja kukuuma wewe. Mdudu anaingia kwa damu, polepole anapanda mpaka kichwani. Ukingoja, anaua. Ukienda mapema, dawa iko. Hospitalini Omugo wanapima."

"Lakini katekista anasema tukeshe na kuomba."

"Ombeni. Hata mimi nitaomba. Lakini mtu anayekesha, macho yake yanamwona mwenzake akiumwa."

Kesho yake walipanda lori kwenda Omugo. Muuguzi aliyeitwa Driwaru alimpima Drani damu, kisha maji ya uti wa mgongo.

"Ni malale, na mdudu amefika kwenye ubongo," Driwaru alisema. "Dawa yake ni kali na ina hatari. Lakini bila dawa atakufa."

"Mpeni," Filda alisema.

Zilikuwa siku ngumu. Drani alitetemeka. Kuna siku hakumtambua mkewe. Filda alimlisha uji, akamwosha, akamwombea. Asubuhi moja alimkuta Drani ameketi.

"Mama Ayiko," aliuliza, "nani anapalilia simsim yetu?"

Filda alilia kwa furaha.

Waliporudi Koboko, Filda alisimama kanisani akaeleza yote. Kasimiro alishuka, akamshika Drani mikono miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Niliona usingizi wako, sikuona ugonjwa wako."

Kisha alituma watu Omugo kuomba wapimaji waje. Walipokuja pamoja na Driwaru, Wakristo walijipanga kupimwa. Mariam Poni naye alileta majirani wa msikitini. Wanaume walifyeka vichaka penye maji, wakatundika mitego ya vitambaa vya buluu ya kunasa mbung'o.

Kasimiro alipimwa wa kwanza, ili wengine wasiogope. Driwaru alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu.

"Katekista, na wewe unao."

"Mimi? Sina homa! Sisinzii!"

"Ndiyo maana tunapima hata wanaojiona wazima. Kwako mdudu bado yuko kwenye damu tu. Utachomwa sindano, na utapona bila taabu kama ya Drani."

Drani aliinuka pale alipokuwa ameketi.

"Mwalimu, tutakwenda pamoja," alisema.

Jumatatu walipanda lori, Drani akiwa amembebea Kasimiro blanketi na sufuria. Alimpikia na kukaa naye kule Omugo mpaka sindano ya mwisho, wakarudi nyumbani wote wawili, wazima.