Masika Wawili

Enid aliteremka ziwani kuchota maji ya mwisho ya siku, jerikeni mkononi, mtoto mgongoni, na alikuwa na haraka. Viboko wa kisiwa cha Kanyampiri wana saa zao. Jua likishaangukia upande wa Kongo wanapanda kula majani, na kiboko hampishi mtu, hata awe mke wa mmisionari.

Kisiwa chenyewe ni kiduchu. Ukipika samaki kwenye kambi ya wavuvi, watu wa kanisani wanajua kama umetia chumvi. Kuna kambi hiyo, duka moja, kanisa la mabati, na nyumba ya misheni yenye vyumba viwili ambayo Enid na mumewe, Pasta Yosamu, walipewa na kanisa lao la Kasese mwaka mmoja na nusu uliopita. Wageni hawakukatika. Walikuja wazee wa kanisa wenye miwani ya jua, wakapigwa picha na samaki ambaye hawakumvua. Walikuja wavuvi wenye ndoana vidoleni. Walikuja askari wa ziwani, afande huyu na afande yule, wakimaliza sukari. Na risasi zikilia upande wa pili, walikuja Wakongomani na magodoro yao. Yosamu hakumfukuza mtu. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila mgeni aandikwe kwenye kitabu cha wageni, jina na anakotoka, kisha aombewe.

Lakini jioni ile Enid hakuwa akiwaza wageni. Alikuwa akimwaza mwanawe.

Mtoto alikuwa na miezi minane, na kwa wiki tatu alikuwa akipungua. Haikuwa homa. Homa Enid angeijua. Kila jua lilipozama, mtoto alipoa. Vidole kwanza, kisha miguu, kisha midomo ikageuka rangi ya majivu, mpaka usiku uingie kabisa ndipo joto lirudi. Hospitali ya Bwera walimpima damu mara mbili, hawakuona kitu. Na kila jioni baridi ile ilipanda juu kidogo kuliko jana. Jana ilikuwa imefika kifuani.

Enid alijua jambo moja ambalo hakumwambia daktari.

Wakonzo, kabila la Enid na Yosamu, huwapa watoto majina kwa kuhesabu. Msichana wa kwanza ni Masika. Wa pili ni Biira. Na kwao Enid, kule Bwesumbu mlimani, hesabu haikumruka aliyekufa. Sasa Masika wake wa kwanza aliishi siku tisa, wakamzika nyuma ya nyumba yao ya zamani, kwenye migomba, na miaka miwili baadaye akazaliwa huyu. Alipaswa kuwa Biira. Yosamu akakataa. "Sisi ni watu wa Injili," alisema. "Hatuhesabu makaburi. Huyu ni Masika, tunaanza upya." Mama yake Yosamu alipiga simu akilia. "Munaita mutu mwenye anasikia," alisema. Yosamu akakata simu.

Enid alikuwa amekaa pale pale, akanyamaza. Na kwa ukimya ule alijilaumu mpaka leo.

Alipofika majini alisikia sauti.

Chwa... chwa... chwa...

Mtu anafua.

Mwanamke alikuwa amechutama kwenye jiwe la Enid la kuchotea, mgongo umeelekea nchi kavu. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto, amefunikwa gubigubi, hata kisogo hakionekani. Hakukuwa na mtumbwi. Hakukuwa na ndoo. Alikuwa akisugua mikono mitupu ndani ya maji, kama anayefua nepi. Na palikuwa na harufu... mafuta ya mtoto mchanga, na chini yake udongo uliochimbwa leo.

"Wasibiri, mama," Enid alimwamkia.

"Wasibiri, Mama Masika."

Enid alirudi nyuma hatua moja. Kisha akajikaripia. Kisiwa kizima kilimwita hivyo. Nani asingejua?

"Umekuja na boti gani?"

"Nimekuya na yangu." Mwanamke hakugeuka. "Mutoto iko na baridi. Naomba nyumba."

Kiboko aliguna karibu, nyuma ya matete. Mgongoni mwake Enid alihisi vidole vya mwanawe vikianza kupoa. Angeweza kumwelekeza kambini kwa wavuvi. Lakini nyumba ya misheni haimkatai mgeni, na Enid alikuwa amelisema hilo mwenyewe mbele ya watu wengi mno, asingeweza kuligeuka kwa sababu ya harufu. Wakapanda wote wawili. Njiani alijikaza asitazame nyuma. Hatua alizozisikia zilikuwa zake tu.

Yosamu alikuwa ameshawasha taa ya sola.

"Karibu, mama, karibu! Hapa ni kwa Mungu, hakuna mutu anafukuzwa." Akavuta kiti, akafungua kitabu, akalamba kidole kama karani. "Jina?"

"Mimi niko mubebaji tu," alisema mwanamke. Alikaa wima, hakuegemea, uso wake ukabaki kwenye kivuli cha mlango. "Andika mutoto."

"Haya. Mutoto anaitwa nani?"

"Masika."

Yosamu akacheka, akaandika. "Ona sasa! Ya kwetu pia ni Masika."

"Ya kwenu ni ya ngapi?"

"Binti yetu wa kwanza."

Enid alikuwa ameshamshusha mwanawe, amemkumbatia. Alisikia baridi ikipanda mara moja, toka magotini hadi kiunoni, upesi kuliko jioni yoyote. Midomo ilikuwa majivu. Mtoto hakulia. Alikuwa amekodoa macho juu ya bega la mama yake, akimtazama mgeni.

"Yosamu," Enid alinong'ona. "Mtoto..."

"Pasta," mwanamke aliuliza tena, polepole, bila hasira. "Ya kwenu ni ya ngapi?"

"Nimesema wa kwanza, mama."

Baridi ikafika kifuani.

Hapo mwanamke akajiweka sawa kitini, na pembe ya kitenge alichobebea mtoto ikaanguka kwenye mwanga. Kitenge cha njano. Ndege wa buluu. Ukingo mmoja ulikuwa umechanwa kwa meno, kisha ukapindwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu aliyeshona huku analia.

Enid aliijua mishono ile. Ilikuwa yake. Ndicho kitenge alichomzikia mwanawe wa siku tisa.

Yosamu pia alikiona. Kalamu ikasimama. Jasho likamtoka kipajini, na mtu yule aliyezoea kuhubiri mpaka mabati yatetemeke akaanza kwa sauti nyembamba. Alisimama na kunyoosha mkono.

"Kwa jina la Yesu... ninakuamuru..."

"Omba, Pasta," alisema mwanamke. "Nitangoja."

Na kweli akangoja. Mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni. Yosamu aliomba kwa Lhukonzo, akaomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kiingereza. Mikononi mwa Enid, kifua cha mtoto kilipanda... kikashuka. Kikapanda... kikashuka.

Hakikupanda.

"Huyu ni Biira!" Enid alipiga kelele. "Ni Biira! Ni wa pili! Masika ni huyo, alikaa kwetu siku tisa, nilimuzaa mimi, nilimufunga hicho kitenge mimi! Tulidanganya!"

Mtoto akavuta pumzi, ndefu, kama anayetoka chini ya maji. Kisha akalia. Kilio cha nguvu, cha hasira, chenye joto. Enid akaanguka magotini naye, akimbusu kichwa, akiita lile jina ambalo hakuwahi kulitamka: Biira, Biira, Biira.

Mwanamke alisubiri mpaka wamalize.

"Na huyu," aliuliza, akielekeza kidole mgongoni mwake, "kwao ni wapi?"

Enid hakufikiri. Mama gani angefikiri? Miaka mitatu alikuwa amekatazwa kumtaja.

"Kwao ni hapa," alisema.

"Wasingya," mwanamke alishukuru. Akafungua fundo kifuani, akainuka, akatoka.

Alipopita mlangoni walimwona kwa nyuma. Mgongo wake ulikuwa bapa. Kitenge kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya bega, hakina kitu ndani.

"Mama!" Enid alimwita. "Mtoto?"

"Nimefikisha."

Walitafuta chini ya meza, nyuma ya mlango, uvunguni. Hapakuwa na kitu.

Asubuhi akaja Thembo, mwenyekiti wa wavuvi, kofia mkononi. Walikuwa wameokota mwili kwenye matete, ng'ambo ya kisiwa. Mama wa Kikongomani, boti yao ilipinduka siku nne zilizopita. "Alifunga fundo hapa kifuani, Pasta," Thembo alisema, akijishika shati. "Mgongoni hakuna mtoto. Ziwa limemchukua."

"Siku nne?" Yosamu aliuliza. "Si jana?"

"Siku nne, Pasta. Amevimba. Kuja uone."

Yosamu alikwenda, akaomba, akazika. Aliporudi alichana ukurasa wa kitabu cha wageni, akauchoma jikoni, akamwambia Enid kwamba huzuni inaweza kumwonyesha mtu mambo. Enid hakubishana. Lakini jioni, alipomchukua mtoto, Yosamu alimwita Biira, na tangu siku hiyo hakumwita jina lingine. Mama yake Yosamu aliposikia kwenye simu, alifurahi, kisha akauliza yule mkubwa aliyezikwa ameambiwa nini. Yosamu akasema mtandao ni mbaya.

Biira alipona. Hilo halina ubishi. Jua linazama na miguu yake ni moto, mashavu yamerudi, wavuvi wanamtania kwamba ameiba samaki wa ngege kambini.

Ila kuna jambo ambalo Enid hajamwambia mtu.

Biira hunyonya upande wa kulia tu. Wa kushoto aliukataa tangu Krismasi, basi kila asubuhi Enid huukamua, la sivyo unajaa na kuuma. Sasa ni siku ya sita hakuna cha kukamua. Ziwa la kushoto ni jepesi, na kwenye chuchu kuna ubaridi, kama mtu aliyetoka kuoga mtoni ameweka mdomo wake hapo.

Jioni hii Yosamu yuko kanisani. Enid ameketi kitandani, mlango umefungwa, Biira yuko kulia. Amefungua vifungo vya kushoto mwenyewe. Anangoja.

Harufu ya mafuta ya mtoto.

Halafu mvuto. Taratibu kwanza. Kisha kwa nguvu, kwa uchu wa miaka mitatu, mpaka Enid anauma meno. Biira ameacha kunyonya. Amegeuza shingo, anatazama upande wa pili, na polepole mkono wake mnene unasukumwa kutoka kwenye titi la kulia pia.

"Pole pole, Masika," Enid ananong'ona, machozi yakimtiririka. "Umuachie mudogo wako."