Hundi ya Baba Wamucii

Ti... ti... ti...

Maji yalikuwa yakidondoka gizani kutoka kwenye beseni la samaki. Adero aliyasikia kabla hajafungua macho. Barafu ilikuwa inaisha. Kukicha, samaki wangekuwa wamelegea, na wateja wa soko la Otonglo hubonyeza samaki kwa kidole kabla ya kuuliza bei.

"Leo tena nitauza kwa hasara," alimwambia mumewe, Ouma.

"Kwani friza si inakuja?" Ouma alijibu akiwa bado na usingizi.

"Inakuja."

Adero na wanawake wenzake walikuwa na chama cha kuuza samaki. Walikuwa wamepata friza iliyotumika, lakini nzima, kwa mfanyabiashara mmoja mjini Kisumu. Malipo makubwa ya chama yalifanywa kwa hundi, ambayo wengi huiita cheki. Ilihitaji sahihi mbili, ili mtu mmoja asitoe pesa peke yake. Adero alikuwa mweka hazina mpya. Aliandika hundi yake ya kwanza kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi. Mwenyekiti, Mama Jacinta, naye akatia yake.

Asubuhi hiyo simu ya Adero ililia sokoni. Alikuwa yule mwenye friza.

"Mama Sheryl, cheki yenu benki imeikataa."

"Imekataa? Na pesa ziko kwa akaunti, Baba Wamucii!"

"Shida si pesa. Shida ni jina. Niliipeleka bila kuisoma. Mliandika nani?"

"Si wewe? Baba Wamucii."

Mwanamume huyo alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. "Sasa sikia. Kuna mwenye hoteli huko Maseno anaitaka hii friza, na ana pesa mkononi. Nitawangoja mpaka kesho saa sita. Baada ya hapo msinilaumu."

Adero alipomweleza Mama Jacinta, aliyeuza meza ya jirani, mwenyekiti huyo alishika kiuno. "Kwani huyu mtu ana jina lingine?"

"Ai yawa! Na wewe ulitia sahihi!"

"Nilitia kwa sababu namjua!"

Ndivyo watu wa hapo wanavyoitana, kwa majina ya watoto wao. Mtu akishapata mtoto, jina lake hubaki kwenye kitambulisho, likingoja kuulizwa na polisi.

Mchana Adero alienda mjini kuichukua ile hundi. Jioni, yeye na Mama Jacinta walibisha kwa jirani yao, Lorna, aliyefanya kazi katika ofisi ya sako, chama cha akiba na mikopo.

"Nitakata hili jina, niandike lingine juu yake," Adero alisema.

"Usithubutu! Cheki iliyokatwakatwa hairudi benki, hata mkitia sahihi kumi. Hii chora mistari juu yake, andika 'imefutwa', uiweke. Halafu andika mpya."

"Na jina?"

"Lile lililo kwenye akaunti yake. Benki haijui nani alimzaa nani. Mpigie umuulize."

Adero alipiga simu. Aliyaandika majina herufi kwa herufi: Zachariah Wachira Kamau.

"Kumbe ni Zachariah!" Mama Jacinta alisema. "Miaka yote hii!"

Lorna alimpa Adero kalamu ya wino. "Tarehe ya leo. Sawa. Jina. Sawa. Sasa kiasi kwa maneno. Anzia mwanzo kabisa wa mstari."

Adero aliandika huku akisoma kwa sauti, "Shilingi elfu thelathini na nane tu."

"Hapo palipobaki piga mstari mpaka mwisho."

"Wa nini? Si imeisha?"

"Nafasi tupu ni ya mwizi. Ukimwachia mwanzoni, ataandika 'laki mbili na'; ukimwachia mwishoni, ataongeza mengine. Utamlilia nani?"

Adero alipiga mstari. Kisha aliandika tarakimu, 38,000, akizibana karibu na alama ya shilingi. Alilinganisha maneno na tarakimu. Vilikuwa sawa.

"Sasa mistari miwili ya mshazari kwenye kona ya juu," Lorna alisema. "Hiyo inaiambia benki iweke pesa kwenye akaunti tu. Mtu akiiokota hapewi pesa dirishani."

Mama Jacinta alichukua kalamu. "Nitie ile sahihi yangu ya maua?"

"Tia ile uliyowapa benki siku ya kufungua akaunti, Mama. Hapa si harusi."

Wote walicheka. Mama Jacinta alitia sahihi isiyo na maua, na Adero akafuata.

"Na msiwahi kutia sahihi kwenye cheki tupu," Lorna alisema, "hata kama mna haraka."

Mwisho, kwenye kipande kinachobaki kitabuni, Adero aliandika tarehe, jina, kiasi na neno moja: friza.

Kesho yake, kabla ya saa sita, Adero alimpelekea Wachira hundi, naye akaisoma polepole.

"Leo nimejiona," alisema. Akampigia mtu wa Maseno, akamwambia atafute friza nyingine.

Benki iliipokea hundi. Wiki hiyo hiyo friza ililetwa Otonglo kwa mkokoteni. Jioni wanawake walipanga ndani samaki waliobaki, wakafunga kifuniko.

Asubuhi Sheryl, binti mdogo wa Adero, alipanda juu ya kreti, akaingiza mkono, akabonyeza samaki mmoja kwa kidole. Akabonyeza tena.

"Mama, samaki amekuwa jiwe."