Nilimwachia Rafiki Anichagulie Swichi, Akaondoka na Wateja Wangu

Zilie au zinyamaze?

Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi, wasomaji wenzangu. Najua mtacheka. Mtu mzima anakosa usingizi kwa ajili ya batani za kompyuta! Chekeni, lakini mnisikilize mpaka mwisho...

Nina miaka ishirini na sita. Shahada yangu ya utawala wa biashara imo kwenye bahasha juu ya kabati la mama, nyumbani Magomeni. Ajira sina. Nilichokuwa nacho ni meza.

Meza yenyewe ilikuwa kwenye steshenari ya Mzee Harish, uchochoro mmoja nyuma ya Msimbazi, Kariakoo. Nilikuwa nachapa barua za kuomba kazi, barua za kwenda kwa mtendaji wa mtaa, kadi za michango ya harusi. Pale mteja haachi karatasi akaondoka. Anasimama nyuma ya kiti chako, anaongea, wewe unachapa. Wengine wanakuja na hasira tu, na ni kazi yako kuigeuza hasira hiyo iwe barua.

Meza ya pili ilikuwa ya Idrisa. Tulisoma chuo kimoja, tukalala chumba kimoja hosteli. Alipokosa kazi, mimi ndiye niliyempeleka kwa Mzee Harish na kumwombea nafasi. Kwetu mama akipakua chakula, sahani ya Idrisa ipo, hata asipokuja. Sikuwahi kumwita rafiki. Nilimwita ndugu!

Siku moja Mzee Harish alituita wote wawili.

"Vijana, mashine kubwa ya fotokopi inakuja mwisho wa mwezi," alisema. "Nimepima, haiingii mpaka meza moja itoke. Atakayekuwa na wateja wengi atabaki. Msinichukie, chukieni chumba."

Nikitoka pale nitaenda wapi? Nirudi kukaa kibarazani, majirani wanipite kila asubuhi wakiniuliza nimemaliza chuo lini?

Na kibodi yangu ikaona huo ndio wakati wa kuharibika! Ilikuwa ya mtumba, aina ile nzito ambayo kila batani ina swichi yake ndogo chini, unaichomoa na kuchomeka nyingine kwa mkono. Swichi ya herufi A mara ilijirudia, mara iligoma kabisa. Jamani, Kiswahili bila A unaandika nini? Baba mmoja aliyekuja na barua ya posa alinitazama kama nimemtukania binti yake.

Nikaamua kubadilisha swichi zote, na vifuniko vya juu vyenye herufi pia, kwa kuwa vingine vilishafutika. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Kwenye ghorofa moja karibu na sokoni kuna duka jembamba la vipuri vya kompyuta. Muuzaji ni Dada Mwajuma, mwenye maneno machache na vijisanduku vingi. Alinionyesha swichi za aina tatu. Za bluu zinalia, ta-ta-ta, duka zima linajua unachapa. Za kahawia zinakugusa kidole tu, kama mtu anayekukonyeza. Nyekundu zinateleza kimya kabisa.

Nilibonyeza za bluu, nikazipenda. Nikawaza, je, zikimkera Mzee Harish? Nikabonyeza nyekundu, nikazipenda pia. Nikawaza, je, nikibonyeza bila kukusudia? Vifuniko navyo... vyeusi au vyeupe? Herufi kubwa au ndogo? Nikaondoka mikono mitupu. Kesho yake nikarudi. Na siku nyingine tena. Mwishowe Dada Mwajuma akiniona anavuta kiti, anakaa.

"Kaka," aliniambia, "hata mke hachaguliwi hivi."

Kazini sikuwa na lingine la kuongea. Za bluu, hapana, nyekundu, hapana, labda kahawia... Idrisa alinisikiliza mpaka akachoka. "Mwanangu, chagua moja basi! Unataka ipi?"

"Sijui," nikamjibu. "Wewe ungechukua ipi?"

Akaitazama kibodi yangu. Kisha akasema, "Niachie mimi. Nitakuchagulia."

Niwaambie ukweli? Nilifurahi! Niliona kama mtu amenitua mzigo kichwani. Nikampa kibodi yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto kwa shangazi yake.

Akanirudishia ikiwa na swichi nyekundu, zile za kimya. Na vifuniko vyeusi tii, visivyo na herufi hata moja!

"Hivi ndivyo wanavyotumia wataalamu," alisema. "Wewe unachapa bila kuangalia, herufi za nini? Na kelele za nini? Ofisi za watu wa maana ni kimya, kaka."

Nikaona kweli. Nilikaa kwenye kiti changu nikijiona meneja.

Mteja wa kwanza alikuwa mama anayeuza vitenge, mwenye mgogoro na jirani yake wa kizimba sokoni. Alisimama nyuma yangu, akaanza kueleza. Katikati akanyamaza, akainama juu ya bega langu.

"Mwanangu, unachapa au unapapasa?"

"Nachapa, mama. Tazama hapo kwenye kioo."

"Mbona sisikii? Na hizo batani zako mbona hazina maandishi? Utajuaje nimesema nini?"

Mbeba mizigo aliyekuwa akisubiri kurudufu kitambulisho akadakia, "Huyo anabahatisha, mama! Akipatia, barua. Akikosea, ni bahati nasibu!"

Wote wakaangua kicheko. Idrisa naye alicheka...

Siku chache baadaye Idrisa akaja na kibodi yake mpya. Alipoanza kuchapa nilishtuka. Ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati! Na herufi zake kubwa, za njano, hata aliye mlangoni anazisoma. Nilipomuuliza kaipata wapi, alisema kaipata kwa bahati tu.

Mama wa vitenge aliporudi, alinipita bila salamu. Alisimama nyuma ya Idrisa, akaweka mkono kiunoni, akasema, "Eeh! Huyu ndiye anafanya kazi. Andika, mwanangu, usiache neno!" Kila batani ilipolia, naye alizidi kupandisha sauti, kama anayejibiwa.

Hapo ndipo nilipoelewa watu wetu wanakuja kufanya nini pale. Hawaji kuchukua karatasi tu. Wanataka wasikie malalamiko yao yakiingia mahali. Mimi nilikuwa nawachapia kila neno, lakini kwao nilikuwa kama mtu anayewasikiliza huku akitazama pembeni.

Nikaenda kwa Dada Mwajuma kuomba kubadilisha. Alinitazama kwa mshangao.

"Mwenzio hakukwambia? Alijaribu zote hapa hapa. Akaniuliza, mteja akisimama nyuma atapenda ipi? Nikamwambia zinazolia, na herufi kubwa. Akasema, 'Basi hizo ni zangu, niwekee pembeni. Hizi za kimya na hivi vifuniko vipara nampelekea ndugu yangu.'"

Ndugu yangu! Aliniita hivyo hivyo huku ananizika!

Wasomaji, mtu mwingine angebadilisha swichi palepale, arudi na vita. Mimi? Nikaanza kuwaza. Nikiweka za bluu, wateja si watasema namwiga? Nikimkabili Idrisa, akikataa je? Labda alinitakia mema... Labda za kahawia... Nikamwambia Dada Mwajuma nitarudi. Nikatoka. Mwezi ukaisha nikiwa bado nawaza, nimekaa mbele ya kibodi yangu bubu, nasikiliza mvua ya mawe kwenye meza ya pili.

Mashine ikafika. Mzee Harish alinishika bega. "Meza yako ndiyo haina watu, kijana. Nisamehe."

Nikiwa nakunja waya wangu, hatimaye nilimuuliza Idrisa kwa nini. Hakuinua hata macho.

"Nilikuuliza unataka ipi," alisema. "Ungetaja rangi moja tu, ningekuletea hiyo hiyo. Ukaniambia nichague. Na mimi pia nilikuwa na meza ya kuokoa."

Nililia pale uchochoroni, nimekumbatia kibodi, watu na mikokoteni yao wananipita. Alichonifanyia ni ukatili, na mpaka leo sahani yake mama haiweki tena. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kweli aliniuliza, na mimi nikasema sijui.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa ninyi mliomaliza chuo na vichwa vyenu havitulii kama changu... nawasihi! Kuwaza sana si kuwa makini. Msimkabidhi mtu uamuzi wenu kwa kuwa umewachosha. Atakayeupokea ana njaa yake pia. Kosa la kuchagua mwenyewe utalirekebisha. La kuchaguliwa utaliwaza mpaka lini?

Siku ile ile, machozi bado yananitoka, niligeuza njia nikapanda ngazi za lile ghorofa. Dada Mwajuma aliponiona tu, akavuta kiti.

"Usikae, dada," nilimwambia. "Za bluu. Na vifuniko vyeupe, herufi kubwa nyeusi."

"Hutaki kujaribu kwanza?"

Nilitamani, Mungu anajua, nibonyeze zile za kahawia mara moja tu...

"Hapana. Nifungie hizo."

Kesho yake asubuhi niliweka meza ya mama, na kompyuta yangu kuukuu ya chuo juu yake, kibarazani kwetu Magomeni, pale pale nilipoogopa kuonekana. Jirani yetu Mama Tatu, anayekaanga samaki soko la Feri, alisimama na ndoo yake kichwani.

"Unafanya nini hapo, baba?"

"Shikamoo, mama. Nachapa barua."

"Marahaba. Ninayo moja ya mwenye nyumba, imenikaa rohoni," alisema, akitua ndoo. "Lakini ni ndefu, na nina uchungu nayo."

"Sema tu."

Akazunguka, akasimama nyuma ya kiti changu. Akaanza. Nami nikachapa, kwa nguvu, mtaa mzima usikie.