Salha Akataa Kutoa Ufunguo

Kila asubuhi Salha alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kisiwani, akachota maji, kisha akamfungulia baba yake geti. Baba yake, Nassoro, aliendesha pikapu kuukuu iliyopanda milimani Gonja kufuata magunia ya tangawizi. Siku hizo haikuhitaji honi. Ilinguruma kwa nyuma hata majirani wakajua inakuja kabla haijakata kona.

"Ni difu," Nassoro alisema Jumamosi moja, akionyesha bakuli la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. "Hii ndiyo inayozungusha magurudumu. Beringi zake zimekwisha. Leo tunazibadilisha hapa hapa nyumbani."

Salha, wa darasa la sita, aliipenda kazi hiyo kuliko kuosha vyombo, wala hakuona haya kusema hivyo.

Waliinua nyuma ya gari kwa jeki, na walipofungua bati la nyuma la difu, oili ilitoka nyeusi, imejaa vumbi la chuma. Nassoro alimwonyesha vifuniko viwili vinavyozishikilia beringi. "Cha kushoto hakikai kulia," alisema. "Vikibadilishana, beringi inabanwa vibaya, na magurudumu yanaweza kukwama mlimani. Weka alama."

Salha akagonga nukta moja kwenye kifuniko cha kushoto na nukta mbili kwenye cha kulia. Kisha beringi mpya zikapashwa moto ndani ya oili ili zitanuke na kuingia kwa urahisi. Chombo kilichopatikana ni karai la maandazi la mama yake, Mwanaasha.

"Nyie watu, hilo karai ndiyo basi tena," mama alilalamika.

Mchana simu ikalia. Mzigo wa tangawizi ulikuwa tayari Gonja, uchukuliwe kesho alfajiri. Jabiri, mdogo wake Salha, alikuwa ameahidiwa kwenda, akaanza kurukaruka. Kuanzia hapo Nassoro alifanya kazi mbio mbio. Alifunga vifuniko, akaanza kurudisha bati la nyuma.

"Baba, subiri," Salha alisema. "Nukta mbili ziko kushoto."

"Bolti zimeingia vizuri. Nilianza kufungua difu kabla hujazaliwa."

"Lakini baba, wewe mwenyewe ulisema..."

"Salha. Nenda kamsaidie mama yako."

Bati likafungwa, oili mpya ikamiminwa. Salha hakwenda jikoni. Aliwaza ile miteremko ya Gonja, na Jabiri amekaa mbele akichungulia dirishani. Akachomoa ufunguo wa gari, akaushika mkononi.

"Lete ufunguo," baba alisema.

"Sitoi."

"Unasemaje?"

"Sitoi, baba. Nipige ukitaka. Jabiri hapandi gari hili."

Hakuna mtoto aliyewahi kumjibu Nassoro hivyo. Mwanaasha akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Baba Salha, kabla hujamwadhibu, zungusha gurudumu kwa mkono. Lipo hewani bado."

Nassoro aliinama kwa hasira, akalizungusha. Likaenda kidogo, likakaza. Akajaribu tena, likakaza palepale.

Kisha akavuta beseni safi, akaimwaga oili na kufungua bati upya. Kifuniko kilikuwa kimekaa upande, kimeibana beringi. Wakavibadilisha vifuniko, kila kimoja kikarudi upande wake. Safari hii gurudumu lilizunguka laini, bila kukwama.

Salha akamkabidhi baba yake ufunguo kwa mikono miwili. "Nisamehe kwa kuchukua ufunguo na kukujibu vibaya," alisema. "Kwa kukataa, siombi msamaha."

Mwanaasha alishusha pumzi. Nassoro akacheka.

"Usiombe," alisema. "Heshima kwa mkubwa ni lazima, na ufunguo hukupaswa kuuchukua. Lakini mkubwa naye hukosea, hasa akiwa na haraka. Ukiona kosa linaloweza kuua mtu, sema. Usiposikilizwa, sema tena, hata kama anayekosea ni baba yako."

Akampa spana. "Bolti ya mwisho kaza wewe."

Salha akaikaza mpaka mikono ikamuuma. Kesho yake pikapu ilipanda Gonja na Jabiri ndani, na majirani hawakusikia ikipita.