Majina ya Tsangu

Régine alianza kuogopa siku mutoto wake aliacha kulia.

Kwa sababu ule mutoto, Tsangu, wa miezi sita, alikuwa analia tangu kuzaliwa, mupaka majirani ya Anderlecht, pale Bruxelles, banagonga ukuta na fagio. Nkambo ya Régine, mama ya mama yake, akatuma sauti toka Likasi: "Munamupa jina ya baba yangu na hamuyamuonyesha kwake? Alikufiaka kule kwenu Bruxelles. Mutafute kaburi, mumuonyeshe majina yake, ule alimupa jina."

Ule baba ya nkambo alikuwa Muchinois, muntu ya China, mupishi ya Babeleji. Kwa makaratasi: Tsang Fu. Famille ikaongeza "u" kwa Tsang, ikakuwa jina ya kwetu kabisa.

Bon, Régine na mujomba wake, tonton Polycarpe, bakasukuma mutoto kwa poussette mupaka kwa makaburi ya zamani, kona ya Bachinois, fasi majani inapita kichwa na miiba inakamata nguo ya pagne kama mukono ya muntu. Tonton akakata, akatukana, akakata tena, jiwe ikaonekana. Maandiko ya kichinois, na chini, kadogo: FU TSANG.

"Tonton, yetu ni Tsang Fu."

"Ah, maman. Kwa ofisi ya commune niko Polycarpe Ilunga, kwa mutuelle ya matunzo Ilunga Polycarpe. Niko bantu babili?"

Bakacheka mupaka machozi. Régine akalaza mutoto juu ya jiwe, akasema vile tunasemaka: "Majina, mutoto wako ni huyu. Umushike."

Tangu pale, kimya.

Mutoto akawa anaangalia kona ya armoire ya nguo na kucheka. Akakatala kunyonya ziwa ya mama yake, akakatala chupa ya biberon, lakini ananenepa, na midomo yake inanuka maziwa. Na nyumba ikaanza kunuka udongo ya mvua, na Régine akawa anasikia, hata saa sita ya muchana, télé inawaka, sapato za nguo zinakokota kwa couloir ya nyumba, pole pole, zinapita jikoni, zinapita fasi ya kuoga, zinaingia kwa chambre ya kulala, zinasimama pembeni ya kitanda ya mutoto, na kisha sauti ya muntu anaimba na mudomo imefungwa.

Akashuka chini kwa jirani Muchinois, Madame Lin, akamuonyesha photo ya jiwe kwa téléphone. Madame Lin akasoma, akaweka téléphone kwa meza.

"Kwetu jina ya famille inatangulia. Huyu ni wa famille Fu, si Tsang. Na si mwanaume. Ni mama. Banaandika alikufa na mutoto kwa tumbo." Akamuangalia. "Ulimuambia nini?"

Régine akajibu na ka sauti kadogo: "Nilimupa mutoto."

Régine akaenda kuelezea yote Maman Rolande, wa maombi kwa kanisa yake, na ule hakufungua hata Biblia. "Enda urudishe ile neno fasi uliisemea. Leo, jua ikiwa juu."

Régine na tonton bakarudi kwa kaburi, mutoto kwa mugongo ya mama yake. Miiba ilikuwa imefunga njia tena, lakini jiwe ilikuwa safi, kama muntu anaifagia. Régine akapiga magoti.

"Mama, nilikosea jina. Huyu si wako. Unirudishie."

Upepo ikasimama. Alafu kilio ikatoka, kilio ya Tsangu, ile ya kugongesha ukuta. Régine akacheka kwa nguvu, analia, anacheka.

"Tonton, umusikie! Umuangalie kama anaona njaa."

Polycarpe akafungua pagne kwa mugongo ya Régine.

Tsangu alikuwa anamuangalia, mutulivu, midomo imefungwa. Kilio ilikuwa inatoka chini ya jiwe.