Kilichodandia Trela Busiu

Mlio ulianzia Busiu, kijiji cha karibu na Mbale, Uganda. Masinde, dereva Mkenya aliyekuwa amehamia Mbale, alipakia mahindi ya kupeleka Kampala, akakuta mvua imeikata barabara ya kutokea mashambani. Akageuza pikapu yake na trela nyuma, akakatiza katikati ya makaburi ya zamani. Wanawake waliokuwa wakipalilia shamba la jirani walimpungia majembe wakimkataza. Hakusimama. Trela iliruka juu ya tuta, ikatua, na tangu hapo pale inapoungana na gari pakawa panagonga: ko, ko, ko.

Mjini Iganga alisimama kunywa chai. Alizima injini, akashuka. Kugonga kukaendelea.

Alipofika Jinja alikwenda moja kwa moja mtaa wa Nalufenya kwa Siraje, fundi aliyemtengenezea magari miaka mingi. Siraje alijilaza chini ya kiungo cha trela, akachungulia.

"Pini imekwisha, bwana. Imelika kabisa, na tundu limepanuka. Barabara zenu mbaya."

"Badilisha yote."

Siraje akaweka pini mpya na bushi mpya ya kubana tundu, akakaza nati, akapaka grisi. Akautikisa mkono wa trela kwa nguvu zake zote. Haukucheza hata kidogo. Kisha, gari likiwa limezimwa, mchana kweupe, wote wawili wakasikia: ko, ko, ko.

Harufu ya udongo uliofukuliwa ikapanda. Siraje akachomoa pini aliyotoka kuitia. Ilikuwa imetafunwa. Alama za meno zilionekana wazi kwenye chuma.

"Sogeza gari mbele," alinong'ona. "Tuache hii kitu hapa."

Masinde akasogeza. Pini ilikuwa mkononi mwa Siraje, mnyororo umefunguliwa, hakuna kilichoshika, na bado trela ikalifuata gari, taratibu, kama mbuzi anayevutwa kamba.

Siraje akamwita Bi Shadiah, mganga wa Masese. Mama huyo alifika na chetezo, akafukiza ubani, akamwambia Siraje arudi chini ya trela azibe lile tundu kwa kiganja chake, asiache hata akisikia baridi. Siraje akaingia bila kuuliza, akaanza kusoma dua kwa sauti.

Ndipo kitu kikasema, kwa sauti ya mtu mwenye udongo mdomoni.

"Alinikanyaga kifuani. Nikashika nilichoweza kushika."

"Toka," Shadiah akaamuru.

"Nitatoka. Lakini nimekwisha zoea kiungo. Anipe kingine."

"Usimjibu, baba," Shadiah akamnong'oneza Masinde. "Ubani ukiisha ataondoka mwenyewe. Vumilia tu."

Masinde alivumilia kidogo, mpaka vidole vya baridi vilipomshika vifundo vya miguu, vikapanda polepole kwenye goti la kulia, vikalibonyeza kama mtu anayechagua papai sokoni, vikahamia la kushoto, vikaingia chini ya kifuniko cha goti na kuanza kukiinua, na mkojo ukamtoka, na akamwona Siraje pale chini amefumba macho akimwombea.

"Mchukue fundi," akasema.

Vidole vikamwachia. Mkono wa trela ukaanguka chini kwa kishindo.

Siraje alitoka akitambaa, uso umejaa furaha. Dua yake mwenyewe ilikuwa imemziba masikio. "Imetoka, bwana! Sikia, kimya!"

"Kimya kabisa," Masinde akasema. "Niungie upesi, jua linakwenda."

Siraje akaiunga trela akiwa amepiga magoti. Hakuacha kutabasamu hata Masinde alipoondoka bila kuaga. Alipojaribu kusimama, goti likalia: ko. Akaanguka. Akajaribu tena, na safari hii yakalia magoti yote, na viwiko, na taya.

Mkewe, Docus, akatoka mbio nyumbani, nyuma ya gereji. "Taata, baba watoto, mbona mifupa yako inagonga hivyo?"

Siraje akamgeukia Shadiah. Meno yake yalikuwa yakigongana, akasema kwa shida, "Mama, Masinde alikiambia nini?"

Shadiah akamwambia.

Siraje akaomba simu. Docus akamshikia sikioni, kwa maana vidole vya Siraje vilikuwa vimeanza kupinda kwenda nyuma.

Masinde, akiwa amekwisha vuka Mto Nile, aliliona jina la fundi kwenye kioo cha simu. Akaiacha ilie mpaka ikakatika. Barabara ilikuwa na mashimo, na trela ilimfuata bila kelele yoyote.