Fomu Zilizolala Sandukuni Bila Mkunjo

Shika simu yako vizuri isidondoke, maana yaliyotokea Nyaishozi hutayaamini. Adela mwenyewe alikuwepo na bado hayaamini!

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, ofisi ya ushirika wa kahawa. Polikarpi, ofisa tathmini kutoka makao makuu, alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli la sanduku, akachota fomu zote thelathini na nane. Ijumaa wakulima walikuwa wamezijaza kupima kazi ya meneja wao, Placidia.

"Ya kwanza: dhaifu. Ya pili: dhaifu."

Zote dhaifu! Placidia akasogea mezani ajionee. Kwa utaratibu mpya, meneja akiwa dhaifu anaondoka siku hiyo hiyo.

"Haiwezekani!" akaropoka Adela, karani wake. "Ijumaa walikuwa wanampigia vigelegele!"

"Tulia, mtoto wa dada," Polikarpi akamwambia. Ni mjomba wake, ndiye aliyemtafutia kazi hiyo.

Mwenyekiti, mzee Kahigi, akauliza, "Sanduku lililala wapi?"

Stoo. Macho yote yakamgeukia Mbonimpa, mtunza stoo. Wiki iliyopita Placidia alimpa barua ya onyo kwa kuchelewa.

"Mzee, mimi nina ufunguo wa mlango tu! Wa kufuli sina!"

"Ufunguo wa nini?" Polikarpi akacheka. "Unazivuta fomu kwa waya, unatumbukiza zako kwenye tundu. Wezi wa sadaka ndiyo kazi yao."

Sanduku lenyewe lilikuwa la sadaka kweli, wameliazima kwa Walutheri. Tundu lake linapitisha noti tu.

Adela akafungua picha alizopiga Ijumaa kwa simu yake. Huyo hapo bibi Agnetha wa Chonyonyo, amekunja fomu mara tatu, anaisukuma kwa kidole huku anacheka. Akatazama mezani. Fomu zimenyooka kama zimepigwa pasi! Hata moja haina mkunjo!

"Mjomba, samahani. Kufuli ulilikuta limevunjwa?"

"Zima kabisa."

"Na ufunguo upo mmoja?"

"Mmoja tu. Haujatoka mfukoni mwangu tangu Ijumaa."

Adela akazitazama tena fomu mezani. Polikarpi akafuata macho yake mpaka kwenye zile karatasi, rangi ikamtoka. Akamwinamia sikioni.

"Adela, mwanangu. Mama yako analala kwenye nyumba ya nani pale Nkwenda?"

Upande mwingine Mbonimpa alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake.

Adela akainua simu juu, watu wote waone.

"Mzee Kahigi, kila mtu alikunja ndiyo ikapita. Mwizi wa waya naye angekunja. Hizi hazijapita kwenye tundu. Zimewekwa na mtu aliyefungua kifuniko!"

Polikarpi akalipuka.

"Ndiyo, ni mimi! Nilizibadilisha Ijumaa, kabla sanduku halijaingia stoo! Nilipokuwa chini yake alinipima hivi hivi! Mwaka mzima wa kazi yangu, akaandika neno moja: mvivu. Nikashushwa cheo. Nilitaka naye aonje!"

"Ulikuwa unakuja kazini saa tano, Polikarpi," Placidia akamjibu taratibu.

Mzee Kahigi akaamuru wakulima wapime upya, fomu zifunguliwe mbele yao. Mbonimpa akamkumbatia Adela mpaka akamkanyaga mguu.

Saa kumi na mbili jioni simu ya Adela ikaita. Mama.

"Mjomba wako amesema tuhame kesho. Umefanya nini, mwanangu?"

Haya, niambie. Ungekuwa wewe umeshika ile simu, picha ungeionyesha?